Chombo cha Nani? Safari ya Mtumbwi katika Ziwa Victoria

Ndugu msomaji, wewe unayekaa mjini na kula sangara wa kukaanga kwa mama ntilie, hebu nikuulize: samaki huyo alifika nchi kavu kwa chombo gani? Najua utakavyojibu. "Kwa mtumbwi, bwana, kwani kuna nini?" Basi hapo hapo ndipo penye jambo. Katika Ziwa Victoria neno hilo moja, mtumbwi, limebeba vyombo vya kila namna: gogo lililochimbwa, mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za miti, mbao zilizopigiliwa misumari, chombo cha tanga, chombo cha mashine, na siku hizi hata boti za faiba. Kila kimoja kati ya hivyo kilichaguliwa na mtu fulani, kwa maji fulani, na kwa fedha ya mtu fulani. Historia ya uvuvi wa ziwa hili ni historia ya kuchagua chombo. Na swali langu katika kurasa hizi ni moja tu: aliyekuwa akichagua alikuwa nani?

Nalileta swali hili kwenu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi tunaosoma jarida hili tunajifunza kuandika. Tunaota riwaya. Ukimweka mhusika wako ziwani mwaka 1890, ukamfungia mashine nyuma ya mtumbwi, msomaji wa Ukerewe atakifunga kitabu chako na kukitumia kuwashia jiko. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kila siku vijiweni nawasikia vijana wenzangu wakisema, "Mjini kumebana, mshikaji. Naenda visiwani. Nikipata boti na mashine, nimetoka." Simcheki mtu. Maisha ni kutafuta. Lakini kabla kijana hajapanda basi la Mwanza ni vizuri ajue kwamba wengine walishalisema neno hilo kabla yake, na ziwa liliwajibu.

Maji ndiyo bwana wa kwanza

Tuanze na maji, maana fundi yeyote wa vyombo, hata asiyejua kusoma, huanzia hapo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake si kikubwa kama watu wanavyodhani. Wastani ni mita 40 hivi, na penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Sasa ziwa pana lenye kina kifupi ni ziwa la hasira za karibu. Upepo ukiamka kidogo tu, mawimbi yanainuka mafupi, yamesimama, tena yanafuatana upesi upesi. Chombo hakipati nafasi ya kuvuta pumzi kati ya wimbi na wimbi.

Mto una mambo yake mengine. Katika Kagera au Mara, mvuvi hapambani na wimbi. Anapambana na mkondo, na mafunjo, na magogo yaliyozama, na fungu la mchanga ambalo mwaka jana halikuwapo. Hapo mtumbwi wa gogo moja haujapata mpinzani. Ni mwembamba, unapenya kwenye mafunjo. Hauna kiungo cha kuachia, kwa hiyo ukigonga kisiki unalia "gu!" na kuendelea na safari. Maji yakiwa haba, mtu mmoja anausukuma kwa upondo amesimama wima. Lakini uutoe mtumbwi huo mtoni, uupeleke katikati ya ziwa mchana, upepo umeamka, uone utakavyobiringika kama gogo, maana kwa kweli ni gogo. Chombo cha ziwa kinataka kifua: omo iliyoinuka, mbavu pana, na urefu wa kupanda wimbi moja kabla la pili halijafika.

Kwa hiyo anayeuliza "chombo kipi ni bora?" hajamaliza swali lake. Bora kwa maji yapi? Wahenga walisema ivushayo ni mbovu. Mvuvi wa zamani asingebisha, ila angekuuliza kwanza, ivushe mto au ivushe ziwa?

Chombo kilichoshonwa

Watu wa ziwa walilijua hilo zamani, tena kwa ufundi wa kushangaza. Waganda, na hasa watu wa visiwa vya Ssese, walikuwa mabingwa wa mtumbwi wa kushona. Chini kabisa waliweka mkuku uliochongwa kwa gogo moja refu. Juu yake wakaongeza mbao, ubao juu ya ubao, zilizochongwa kwa tezo, zikatobolewa matundu pembezoni na kushonwa kwa nyuzi za mimea kama mtu anavyoshona mkeka. Mkuku ulichomoza mbele chini ya omo kama mdomo wa ndege, na katika vyombo vya wakubwa shingo ndefu iliinuka juu yake, ikapambwa kwa pembe na manyoya. Hapakuwa na tanga wala msumari. Nguvu ilikuwa mikono ya watu na makafi yao.

Tusidhani kwamba walikosa chuma. Wahunzi walikuwako pande zote za ziwa, na majembe yalifuliwa na kuuzwa huku na huko. Mshono ulikuwa na faida yake: mbao zilizoshonwa hutoa nafasi kidogo wimbi linapopiga, zinajikunja na kurudi, wakati kitu kigumu kingepasuka. Hasara yake ni kwamba uzi huoza. Kila baada ya muda chombo kilibidi kipandishwe ufukoni na kushonwa upya. Lakini mti ulikuwa msituni, uzi ulikuwa porini, na mikono ilikuwa ya ndugu na majirani. Hapakuwa na kitu hata kimoja katika chombo kile kilichohitaji kuagizwa mbali.

Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake, Lady Alice. Watu husahau mashua hiyo ilivyofika: ilibebwa vipande vipande kutoka Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi. Ikaunganishwa ufukoni kusini mwa ziwa. Mwaka huohuo Stanley aliona mamia ya mitumbwi ya Kabaka Mutesa ikikusanywa kupigana na watu wa Buvuma, na mtumbwi mmoja alioupima ulikuwa na urefu wa futi 72. Fikiri, msomaji: futi 72 za mbao, na hakuna msumari hata mmoja!

Hata hivyo tusiipambe historia kuliko ilivyokuwa. Ule mtumbwi wa futi 72 haukuwa wa mvuvi. Buganda ilikuwa na mkuu wa vyombo, mwenye cheo cha Gabunga, kutoka ukoo wa Mamba. Mtumbwi mkubwa ulikuwa wa vita na wa safari za wakubwa, na mvuvi aliyeitwa kupiga kafi hakuulizwa kama ana nafasi. Chombo chake mwenyewe kilikuwa kidogo, cha watu wawili watatu, na mitego ya kusuka na ndoano. Lakini kidogo hicho kilikuwa chake. Kikivuja alijua ni wapi pa kutafuta uzi.

Kisha likaja balaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulifagia pwani za kaskazini mwa ziwa na kuua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda. Serikali ya Waingereza ikaamua kuwahamisha watu walioishi karibu na maji, na kufikia mwisho wa muongo ule visiwa vya Ssese vikahamwa. Hebu fikiri maana yake kwa habari yetu. Mafundi wengi walikufa, waliobaki wakapelekwa bara, mbali na maji, kwa miaka mingi. Mtoto aliyepaswa kushika tezo akimtazama baba yake akakulia mahali pasipo na chombo. Ufundi hauandikwi ukutani. Hukaa mikononi, na mikono ikikosa kazi kwa kizazi kimoja, sehemu yake hupotea.

Tanga, misumari na deni la kwanza

Tanga lililetwa ziwani na watu wa pwani ya bahari. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro alikuwa na makazi yake Kageyi, kusini mwa ziwa, na alikuwa akijenga jahazi. Wamisionari wa Church Missionary Society wakalinunua. Lakini mbao zilikuwa za Ukerewe, na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, alikuwa na madai yake juu ya chombo kile. Maneno yakazidi maneno, mwisho yakawa mapigano. Desemba 1877 Songoro aliuawa, na pamoja naye wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill. Nimekitaja kisa hiki kwa makusudi. Jahazi lile lilijengwa kwa mbao za mmoja, kwa mikono ya mwingine, likanunuliwa na wa tatu, na kila mmoja akajiona ndiye mwenye chombo. Lishike neno "deni", msomaji, tutalikuta tena mbele.

Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mwaka 1928 nayo reli kutoka Tabora ikafika Mwanza. Wanahistoria hutueleza sana habari za pamba na askari, lakini kwa mvuvi reli ilileta vitu vidogo viwili vilivyokibadili chombo kuliko amri ya mfalme yeyote: msumari na wavu wa kiwandani.

Nyavu za makila ziliingia upande wa Kisumu mwaka 1905. Kabla ya hapo uvuvi mwingi ulikuwa wa karibu na nchi kavu: mitego, uzio wa matete, ndoano. Wavu mpya unategwa mbali jioni, na alfajiri unapandishwa na samaki wamenasa wenyewe. Sasa mvuvi akahitaji chombo cha kubeba nyavu nyingi, kufika mbali, na kurudi na mzigo. Mafundi wakajifunza kupigilia mbao juu ya mataruma, kukalafati kwa pamba, na kusimamisha mlingoti. Wengine walijenga karua, ambalo ni jahazi la ziwani, la kubeba mizigo na la kuvulia. Wengine waliuchukua mtumbwi wa Ssese, umbo likawa lilelile, ila uzi ukaondoka na msumari ukakaa mahali pake.

Na hapa nataka nimsifu mvuvi wa tanga, kwa sababu alikuwa mtu wa akili. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka. Basi yeye alitoka alfajiri upepo uko mgongoni, akarudi alasiri upepo uko mgongoni. Mafuta ya bure, kwenda na kurudi! Aliyekosea saa ndiye aliyepiga makasia hadi viganja vikamenyeka.

Lakini msumari haukui porini. Hununuliwa dukani, na wavu vilevile, na dukani kuna daftari la mkopo. Pale ndipo mkono wa mtu asiyejua kuvua ulipoishika kwa mara ya kwanza kamba ya chombo. Tena nyavu zilipozidi, samaki wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilichunguza ziwa, akaona jinsi ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alivyokuwa akipungua, akashauri tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Mvuvi mwenye deni dukani husikiliza ushauri kama huo kwa sikio moja. Sikio la pili linamsikiliza mwenye duka.

Siku tezi ilipokatwa

Mashine za kufunga nyuma zilianza kutumika ziwani katika miaka ya 1950. Mtumbwi wa Ssese ulikuwa na ncha mbili, omo na tezi zote zimechongoka. Sasa mashine utaifunga wapi kwenye ncha? Mafundi wakachukua msumeno, wakaikata tezi, wakaweka ubao bapa. Chombo kilichokuwa na umbo lake tangu enzi za Kabaka kikabadilishwa nyuma yake ili kumpokea mgeni wa chuma.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu, na kulitazama la wenzetu kutatusaidia kuliona letu. Huko Oregon, Marekani, kuna mto uitwao McKenzie, wenye maji ya kasi na mawe mengi. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 watu waliofanya kazi ya kuwapitisha wavuvi mtoni walitengeneza mashua ya namna yake, ya kuteremka na mkondo. Chini ni bapa, hakuna mkuku, na tumbo limepinda kama ndizi, ili iweze kuzunguka palepale kama sahani juu ya maji. Mpiga makasia hukaa ameelekea mto unakokwenda, na wala haikimbizi mashua. Anavuta makasia kuizuia, ili mwenzake apate nafasi ya kurusha ndoano na mwamba upitwe salama. Fundi mmoja mhamiaji kutoka Norway, Tom Kaarhus, alianza kuijenga kwa plaiwudi mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwenzake, Woodie Hindman, aliijenga yenye ncha mbili, kisha akaikata ncha moja na kuweka ubao bapa, watu waweze kufunga mashine ndogo. Msumeno uleule, sababu ileile!

Mashua hiyo ni malkia mtoni. Lakini ipeleke ziwani siku ya upepo: itasukumwa kama jani kavu, maana ubavu wake ni mrefu na chini hakuna mkuku wa kuyashika maji. Anayetaka chombo kimoja cha mto na cha ziwa ajue mapema kwamba lazima ale hasara upande mmoja, awe yuko Oregon au Kagera.

Sasa tazama tofauti. Hindman na wenzake walikuwa wakijenga chombo walichokiendesha wenyewe. Aliyeshika kasia ndiye aliyeshika msumeno, na mwamba ukimkwangua leo, kesho anabadili ubao. Kwetu fundi aliweza kuikata tezi kwa msumeno wake mwenyewe, lakini mashine yenyewe hakuweza kuichonga. Ilitoka ng'ambo, ikaja na bei ya ng'ambo. Swali likabaki hewani kwa miaka mingi: nani atainunua?

Sangara alipojibu swali

Aliyejibu alikuwa samaki. Sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, wakaongezwa wengine mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda alikaa kimya. Kufika miaka ya 1980 akalipuka. Aliwala furu hadi aina nyingi zikatoweka, akakua hata kupita kilo 100, na Ulaya ikagundua kwamba mnofu wake mweupe ni mtamu. Viwanda vya kukata minofu vikajengwa, kwanza Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwanza nako vikashamiri.

Chombo kikabadilika tena. Sangara mkubwa hukaa mbali. Anataka chombo kirefu, nyavu nyingi, na mashine ya kuwahi barafu kabla samaki hajalainika. Wavuvi wakaja na nyavu walizoziita tembea, kwa sababu hazitegwi mahali pamoja. Huachwa zielee na maji, na chombo huelea nazo usiku kucha, watu wamejikunja ndani yake wakingoja kupambazuke. Chombo cha kazi hiyo, pamoja na mashine na nyavu zake, si fedha ya mtu wa kawaida.

Ndipo wenye viwanda na mawakala wao walipofungua mikono. Chukua mashine. Chukua nyavu. Chukua na mafuta. Utalipa kwa samaki. Sharti ni dogo tu: samaki wako utatuuzia sisi, kwa bei yetu. Wengi walifurahi, na usiwalaumu, maana ni nani angewapa mkopo mwingine? Mjomba wangu mmoja alivua visiwani miaka hiyo. Nilipomuuliza kama ile mashine ilikuwa yake, alicheka sana, kisha akasema, "Mjomba, ile mashine ikiharibika ni yangu, ikipona ni ya tajiri."

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Bei ufukoni ikaanguka. Mvuvi wa tembea akaamka asubuhi na kukuta kwamba samaki wake hana mnunuzi, lakini deni lake lina mwenyewe. Kamba ya chombo chake ilikuwa imefungwa mbali, katika ofisi ambazo hakuzijua, kwa lugha asiyoisoma. Yule mshonaji wa Ssese alikuwa na taabu zake nyingi, ila taabu ya namna hiyo hakuwahi kuiota.

Na wakati huohuo, msomaji, kulikuwa na wavuvi waliolala salama kidogo kuliko yeye. Hawa ni wa dagaa. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Karabai zilielea juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wavuvi wakawazungushia wavu. Kazi hii haikudai mashine kubwa. Ilidai chombo kipana, kilichotulia, na mikono yenye subira. Dagaa wakaanikwa mchangani, akina mama wakawanunua na kuwapeleka sokoni, na kutoka hapo Dar es Salaam, hata Kongo. Ulaya ilipofunga mlango, mlango huu haukufungwa.

Hesabu iliyofanywa na nchi zote tatu mwaka 2000 ilikuta vyombo zaidi ya 42,000 na wavuvi karibu 130,000 ziwa zima. Vyenye mashine vilikuwa kama kimoja tu katika kila kumi. Yaani baada ya kelele zote za sangara na minofu, vyombo tisa kati ya kumi viliendelea kwa kasia au tanga. Gawanya pia wavuvi kwa vyombo, utapata watatu kwa kila chombo, na kwa kawaida kati ya watatu hao aliye mwenyewe ni mmoja, au hayumo kabisa, yuko nchi kavu anaitwa tajiri. Mafuta hutolewa kwanza, chakula hutolewa, fungu la chombo hutolewa, na kinachobaki ndicho cha kibarua. Yule mshikaji wetu wa kijiweni anayesema "naenda visiwani" mara nyingi ataanzia hapo, kwenye kinachobaki.

Kuchagua leo

Siku hizi mvule mnene umekuwa wa kutafuta kwa tochi. Mafundi wanatumia miti myepesi ya kupandwa, na chombo cha namna hiyo hakimzeekei mtu kama cha mvule. Karabai zimeanza kuachia nafasi taa za betri na za sola. Faiba nayo imeingia. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania iligawa Mwanza boti za faiba kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa kwa mkopo wa masharti nafuu. Faiba haiozi, hailiwi na wadudu, ni nyepesi kwa mashine. Ni hatua nzuri. Lakini historia imetufundisha kukitazama chombo kipya pande zote mbili, ubavuni na kwenye karatasi zake.

Basi kijana anayetaka kuchagua chombo, namshauri ajiulize maswali matatu, na ayaulize kwa mpangilio huu. Maji gani? Kama ni mto na mafunjo, asione haya kununua mtumbwi mwembamba na upondo. Kama ni ziwa la wazi, asidanganyike na bei ndogo ya chombo kifupi. Samaki gani? Sangara anataka mashine na mnunuzi wa mbali. Dagaa anataka giza, taa na soko la karibu. Anayejifunza heri aanze na samaki ambaye mnunuzi wake anaweza kumwona kwa macho. Swali la tatu wengi hulisahau: fedha ya nani? Kama ni ya mkopo, je, mkopo unadai fedha tu, au unadai na samaki? Mkopo wa fedha hulipwa ukaisha. Mkopo unaodai samaki hukuchagulia bei, halafu unakuchagulia safari, mwisho unakuchagulia chombo kingine kikubwa zaidi, na deni jingine juu ya lile la kwanza.

Watatu wakiweka akiba pamoja na kununua mtumbwi mmoja wa dagaa wa kupiga makasia, watachekwa mwalo mzima. Waache wachekwe. Kila asubuhi wakirudi watagawana walichopata, na kikivuja watajua wenyewe ni nani wa kushika nyundo.

Nasi waandishi chipukizi tunayo kazi yetu. Vitabu vingi vya historia vilituambia habari za Stanley na mashua yake, hata jina la mashua tunalijua. Yule aliyeshona mtumbwi wa futi 72 hatujui hata aliitwa nani. Wavuvi waliodaiwa mashine mwaka 1999 bado wako hai, wako Kirumba, wako Musoma, wako Bukoba, na wengi wanapenda kuzungumza ukiwaamkia vizuri na kukaa chini. Twendeni tukawaulize chombo chao kilikuwa cha namna gani, kilijengwa na nani, na kamba yake ilifungwa wapi. Tuandike majina yao wangali wapo.